Mashine iliyonyamaza si mashine iliyopona

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu ni mjomba wangu wa kule Migori. Leo sitaandika kuhusu programu wala tarakilishi. Nitaandika kuhusu kigunduzi cha metali, karatasi ya alumini, na fundi mmoja mwenye maneno matamu.

Dhahabu ya Migori si hekaya. Mgodi wa Macalder ulichimbwa tangu enzi za mkoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba maeneo hayo. Mjomba naye akauza ng'ombe wawili, akanunua kigunduzi cha mtumba. Shida ikawa moja: kilipiga kelele bila kukoma, hata ukikiinua hewani. Fundi sokoni akamwambia dawa ni kukikinga na mawimbi ya stima na simu. Akaizungushia koili yote tabaka kadhaa za karatasi ya alumini ya jikoni, akateremsha kitufe cha usikivu, akalipwa. Mashine ikanyamaza tuli. Mjomba akashukuru Mungu, akaingia shambani, akazunguka siku tisa.

Hakupata hata kizibo cha soda!

Hapo ndipo niliposhtuka. Jamani, ni shamba gani hapa Kenya lisilo na kizibo cha soda wala msumari? Nilipofika nyumbani kwake niliweka sarafu ya shilingi 20 chini, nikapitisha koili sentimita 10 juu yake. Kimya. Sentimita 5. Kimya vilevile. "Mpwa wangu," akaniuliza, "si imetulia?" Nilikosa la kumjibu.

Kilichotokea ni hiki. Kigunduzi cha aina yake hutuma uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, mara nyingi kati ya kilohezi 5 na 20. Uga huo ukigusa metali, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya metali hiyo, na koili ya kupokea husikia mwangwi wake. Sasa, karatasi ya alumini nayo ni metali. Ukiifunga koili mzima mpaka ncha zikutane, umetengeneza pete. Umeme huzunguka ndani ya pete na kupingana na uga ule uliokusudiwa kwenda ardhini. Mashine nyingi za namna hii huitikia mabadiliko tu, na kwa kuwa karatasi inatembea pamoja na koili, hakuna badiliko la kuitikia. Basi hailii. Inadhoofika kimyakimya.

Na je, ule uga wa sumaku wa nyaya za stima ulizuiwa? Wapi! Stima yetu ni hezi 50. Kwa masafa hayo uga wa sumaku hupenya alumini kiasi cha milimita 12 kabla ya kupungua hadi kama thuluthi. Karatasi ya jikoni ina unene wa karibu milimita 0.016. Kwa hiyo fundi aliizibia mashine sauti yake yenyewe, akaiacha sauti ya adui ipite.

Sisemi ngao za kutengeneza nyumbani ni upuuzi. Zina kazi yake, nayo ni kuzuia uga wa umeme, ule unaofanya mashine ilie ukisogeza mkono karibu au koili ikigusa nyasi zenye umande. Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba kasha la metali huzuia umeme wa namna hiyo, na kwa kazi hiyo hata tabaka jembamba linatosha. Ila kuna masharti. Kwanza, acha mwanya wa sentimita moja au mbili ili pete isifunge. Pili, unganisha ngao na ile waya ya nje ya kebo, ya upande wa ardhi ya saketi. Alumini haishiki lehemu kirahisi, kwa hiyo zungushia waya wa shaba usio na ganda. Tatu, pima kwa mita kwamba ngao haigusani na nyuzi za koili. Kwa mashine za mapigo, zile zinazotuma umeme kwa vishindo, ni afadhali kupaka rangi yenye grafiti, unga mweusi ule ule wa penseli, maana alumini hushikilia mikondo yake muda mrefu kupita kiasi.

Lakini kabla ya yote hayo, pima! Koili nyingi za kiwandani tayari zina ngao ndani. Tuliondoa karatasi yote, tukainua koili hewani bila kuitikisa. Ikalia, kwa hiyo kosa halikuwa udongo. Tukazima simu iliyokuwa mfukoni mwa mjomba: kelele ikapungua. Tukazima inveta ya sola: ikapungua zaidi. Kisha nikaipinda kebo karibu na plagi, ikapiga yowe. Waya ya ngao ilikuwa imekatika pale pale mlangoni! Ngao ilikuwepo tangu mwanzo, ila haikuwa imeunganishwa na kitu. Lehemu kidogo, dakika kumi, kwisha. Chini ya nyaya za stima bado inalia kidogo, na dawa yake ni kusogea mbali. Hakuna karatasi itakayoshinda miguu.

Kosa hili lina ukoo mrefu. Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi Julai 1881, Alexander Graham Bell alileta kifaa chake cha kutafutia risasi mwilini. Kikatoa sauti zisizoeleweka. Baadaye ikabainika kwamba chini ya mgonjwa palikuwa na godoro la nyaya za chuma. Risasi haikupatikana, na rais akafariki Septemba mwaka huo. Kifaa kilikuwa kinasema kweli, tatizo lilikuwa kitandani.

Sisi waandika programu tusimcheke fundi yule. Ni mara ngapi umeona programu ikitoa ujumbe wa makosa, na mtu akaandika mistari miwili ya kuumeza ujumbe huo ili skrini iwe safi? Mteja anafurahi, bosi anafurahi, na data inapotea polepole. Mimi nimewahi kufanya hivyo. Kelele ni habari. Ukiiua kabla ya kuiuliza imetoka wapi, umejitia upofu na kulipa juu yake. Mjomba alilipa siku tisa za jasho, na nusura aiuze mashine kwa bei ya chuma chakavu.

Dhahabu bado hajapata. Ila jioni ya kwanza baada ya kuitengeneza alirudi na vizibo kumi na moja, misumari, na kipande cha jembe la zamani, akavimwaga mezani kama mtu aliyeokota lulu. Sijawahi kufurahia takataka namna ile!

Wewe je, ni kelele gani umeinyamazisha bila kuisikiliza? Tuonane tena juma lijalo.