Meli ya Magari Hupindukia Kwenye Hesabu

Bahari ilikuwa shwari usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 8 Septemba 2019, meli Golden Ray ilipofungua kamba katika bandari ya Brunswick, jimbo la Georgia nchini Marekani, ikielekea Baltimore. Ilikuwa meli changa, iliyoundwa mwaka 2017, yenye urefu wa mita 200 na magari yapatayo 4,200 tumboni. Rubani wa bandari alikuwamo. Ilipokata kona kulia ili itoke nje, iliinama kushoto, ikazidi kuinama, isirudi tena. Kabla jua halijachomoza ilikuwa imelala ubavu langoni mwa bandari.

Hapakuwa na dhoruba, mwamba wala mgongano. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilibaini kwamba afisa mkuu wa meli aliingiza takwimu zisizo sahihi za maji ya farumi, yale ya matangini yanayoipa meli uzito chini, katika programu ya kukokotoa uthabiti. Kompyuta ikajibu kwamba mambo ni sawa, na hakuna aliyeipitia hesabu hiyo mara ya pili. Juu ya hayo, mlango wa ubavuni anaopandia rubani ulikuwa wazi, na ndani milango ya kuzuia maji nayo ilikuwa wazi. Maji yakateremka hadi chumba cha injini. Watu wote 24 waliokolewa, lakini wanne kati yao walikaa humo gizani na jotoni kwa zaidi ya saa 30, mpaka waokoaji walipotoboa bati la meli na kuwatoa.

Umbo la meli hizi za magari halisamehe kosa. Ni majengo ya ghorofa yanayoelea: sitaha kumi na zaidi, kuta ndefu zinazoshika upepo, na ndani ukumbi mmoja mpana kila sitaha, usio na kuta za kugawa, ili magari yaingie na kutoka kwa kuendeshwa. Uzito mwingi umekaa juu, kama basi lililopakia mizigo yote kwenye keria. Kinachoituliza meli ni hayo maji ya farumi katika matangi ya chini. Yakipungua, meli huonekana imesimama wima gatini na kila mtu hutosheka. Udhaifu wake hujitokeza kwenye kona ya kwanza ya kasi.

Miaka minne na ushei kabla ya hapo, tarehe 3 Januari 2015, meli nyingine ya magari, Hoegh Osaka, ilitoka Southampton, Uingereza, ikainama kwenye kona na kuishia juu ya fungu la Bramble Bank. Safari hiyo mfuatano wa bandari za kupitia ulikuwa umebadilishwa, mpango wa kupakia haukubadilishwa ipasavyo, uzito wa shehena ulikuwa wa kukadiria na kiasi cha farumi vilevile. Hesabu ya uthabiti haikukamilishwa kabla ya kuondoka. Wachunguzi wa Uingereza waliongeza jambo linalotisha kuliko ajali yenyewe: kuna dalili kwamba kuondoka kwanza na kukokotoa baadaye ni mazoea katika biashara hii.

Wenye meli watasema sheria tayari inamtaka nahodha ahakikishe chombo chake kiko salama. Ni kweli. Lakini nahodha huyo ana wakala anayemhimiza, ratiba ya bandari inayofuata, na orodha ya uzito aliyoandikiwa na mtu wa nchi kavu. Wengine wanapendekeza ofisa wa bandari akague kila meli. Mimi nasita hapo. Tunazijua bandari zetu, na muhuri mmoja zaidi huzaa foleni moja zaidi. Afadhali kampuni yenyewe ilazimike kuwa na mtu wa pili ofisini anayerudia hesabu kwa uzito halisi na vipimo halisi vya matangi, na bandari idai karatasi hiyo tu. Hakuna karatasi, hakuna rubani. Moto unaozuka katika meli hizi, kama ule ulioizamisha Felicity Ace mwaka 2022, ni tatizo gumu zaidi. Hili la kupinduka tiba yake ni rahisi mno kuachwa.

Gharama za baadaye ndizo zinazoonyesha urahisi huo. Golden Ray na magari yake vilihesabiwa hasara ya dola milioni 200 hivi. Kuiondoa kulimeza zaidi ya dola milioni 800. Winchi kubwa iliyosimama juu ya matishari mawili iliikata kwa minyororo vipande vinane, kazi iliyoanza Novemba 2020 na kumalizika Oktoba 2021, na katikati yake palitokea moto na mafuta yakavuja. Magari hayakwenda sokoni. Hata yanayosalimika huuawa: Cougar Ace ilipolala upande karibu na Alaska mwaka 2006, ikibadilisha maji ya farumi baharini, Mazda iliamua kuharibu magari yake yote 4,703 yaliyokuwamo, yakiwemo yasiyo na mkwaruzo, ili yasije yakauzwa kwa mlango wa nyuma.

Afrika Mashariki ina jina lake katika sheria ya mambo haya. Mkataba wa Nairobi wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Aprili 2015. Unamlazimu mwenye meli ya tani 300 na zaidi kuwa na bima ya kazi hiyo. Ila kwa kawaida unahusu ukanda wa kiuchumi wa bahari, nje ya maji ya mwambao, mpaka nchi itamke kuupanua. Golden Ray ilianguka mlangoni kabisa, ndani ya maji ya mwambao. Njia za kuingilia bandari za Kilindini na Dar es Salaam nazo ni nyembamba, na nyuma yake zinasubiri mizigo Uganda, Rwanda, Burundi na Congo.

Wewe unayeagiza gari Japani, fahamu kwamba bei ya C&F, yaani ya gari na nauli tu, haina bima ndani yake. Tena, meli ikipata msukosuko na fedha zikatumika kuinusuru, wenye shehena wote huweza kudaiwa mchango, na gari lako likazuiwa mpaka dhamana itolewe. Kabla hujatuma fedha, dai cheti cha bima chenye jina lako na namba ya chesisi.