Kengele ya moto angani: marubani hufanya nini, na abiria afanye nini?

Barabara inayotoka katikati ya Lilongwe na kupita Kanengo, eneo la viwanda na minada ya tumbaku, ndiyo iendayo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu. Kwa mkimbizi wa Dzaleka aliyekubaliwa kuhamia nchi ya tatu, hapo ndipo huanza safari ambayo mara nyingi ni ya kwanza maishani mwake kwa ndege. Nafasi hizo zimepungua tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, lakini wapo wanaoendelea kuondoka. Nao huondoka na hofu zao.

Hofu hizo zina sababu. Kumbukumbu ya tarehe 10 Juni 2024 bado ni mbichi nchini Malawi: ndege ya kijeshi iliyomchukua Makamu wa Rais Saulos Chilima ilianguka katika msitu wa Chikangawa, na watu wote tisa waliokuwamo wakafariki. Ajali ile ilitokea baada ya ndege kushindwa kutua Mzuzu kutokana na hali mbaya ya hewa. Moto wa injini ni hatari ya namna nyingine, na umewekewa utaratibu wake maalumu.

Kwanza ndege iruke

Injini ya ndege ya abiria imezungushiwa nyaya zinazohisi joto. Joto likipita kiasi, kengele hulia katika chumba cha marubani na taa nyekundu huwaka. Kinyume na wengi wanavyodhani, hatua ya kwanza ya marubani si kuuzima moto. Ni kuhakikisha kwamba ndege inaendelea kuruka sawasawa.

Kengele ikilia wakati ndege ingali inakimbia kwenye njia yake ya kurukia, kuna mwendo wa uamuzi unaokokotolewa kabla ya kila safari. Chini ya mwendo huo, rubani husimamisha ndege. Ukishapitwa, huipaisha, kwa sababu njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Ndege za injini mbili hujengwa ziweze kupaa kwa injini moja, na kwa kawaida marubani husubiri hadi zifike angalau futi 400 kutoka ardhini kabla ya kugusa swichi za injini inayowaka.

Urefu wa njia hapa ni jambo la uhai. Wenyeji wa Goma wanaukumbuka mwezi Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora iliposhindwa kupaa, ikavuka mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walifariki, wengi wao wakiwa chini. Njia ile ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002. Ya Kamuzu ina urefu wa takriban kilomita tatu na nusu.

Injini ipi?

Ndege ikishatulia angani, rubani mmoja huiendesha na mwenzake hushughulikia moto. Hupunguza nguvu ya injini husika, hukata mafuta, kisha huvuta swichi ya moto inayofunga njia za mafuta na kuitenga injini na mifumo mingine. Taa isipozimika, hufyatuliwa chupa ya gesi ya kuzimia moto. Katika Boeing 737, husubiriwa sekunde 30 kabla ya kufyatua ya pili.

Kabla ya kila swichi muhimu, rubani mwenzake hutakiwa kuthibitisha. Sababu ya tahadhari hiyo imeandikwa kwa damu. Tarehe 8 Januari 1989, injini ya kushoto ya ndege ya British Midland iliyokuwa ikitoka London kwenda Belfast iliharibika. Marubani wakaizima ya kulia, iliyokuwa nzima. Ndege ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, na kati ya watu 126 waliokuwamo, 47 walipoteza maisha. Rubani alikuwa amewatangazia abiria kwamba tatizo ni la kulia. Baadhi yao waliuona moto kushoto, lakini hakuna aliyesema.

Utaratibu ukifuatwa, matokeo huwa mengine. Tarehe 20 Februari 2021, injini ya kulia ya Boeing 777 ya shirika la United ilipasuka muda mfupi baada ya kuondoka Denver, na abiria wakapiga picha za miali iliyozagaa duniani kote. Marubani waliizima injini, wakafyatua chupa zote mbili na kurejea uwanjani. Watu wote walishuka salama.

Sehemu ya abiria

Somo la Kegworth linamhusu pia abiria. Aonaye moto amwite mhudumu na kuonyesha upande kwa kidole. Kidole hakihitaji lugha. Hili si dogo kwa msafiri wa Dzaleka. Katika ndege za shirika la Ethiopia zinazounganisha Lilongwe na Addis Ababa, matangazo hutolewa kwa Kiamhari na Kiingereza. Asiyejua lugha hizo ategemee kadi yenye michoro iliyo mbele ya kiti chake, na ahesabu safu za viti hadi mlango wa dharura ulio karibu.

Lipo na suala la mfuko. Wasafiri wa IOM hupewa mfuko wa nyaraka na kuonywa wasiuache kamwe. Lakini amri ya kutoka kwa dharura ikitolewa, mizigo yote huachwa. Tarehe 2 Januari 2024 mjini Tokyo, watu wote 379 walitoka katika ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikiwaka, huku wahudumu wakiwahimiza waache mizigo. Maonyo hayo mawili yanagongana, na mama mwenye watoto wanne hapaswi kuanza kuyapima katikati ya moshi.

Mafunzo ya kabla ya safari ndiyo mahali pa kuliuliza swali hilo, kwa Kiswahili, na kulipatia jibu lililo wazi. Karatasi huweza kuandikwa upya.