Hodi ya Simuni na Karibu ya Mwenye Nyumba



Ndugu msomaji, jamaa zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaopeleka wagonjwa Nairobi, wengi wao siku hizi hawafikii hotelini. Hukodi nyumba ya siku tatu au ya wiki moja, yenye jiko la kupikia uji wa mgonjwa na chumba cha kumsitiri. Sehemu ya Adams Arcade hupendwa kwa kuwa iko kandoni mwa Barabara ya Ngong, si mbali na Hospitali ya Kenyatta, na soko la Toi liko karibu kwa mahitaji ya jikoni. Nyumba hizi huombwa kwa simu, na hapo ndipo penye matata. Mtu hubonyeza akadhani ameshapata nyumba, kumbe amebisha hodi tu.

Sisi watu wa pwani twaijua tofauti ya hodi na karibu. Tulifunzwa chuoni kwamba mtu hubisha mara tatu, na asipojibiwa hurudi zake. Kimya si ruhusa. Mitandao ya kupangisha nyumba, kama Airbnb iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, imesimama juu ya msingi huohuo, ijapokuwa waliouweka hawakupita chuoni kwetu.

Mtandao huo una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kukubaliwa papo hapo. Mwenye nyumba ameshatoa karibu yake kabla ya hodi, huku akiweka masharti, kama vile mgeni awe ametoa kitambulisho na asiwe na sifa mbaya kutoka nyumba alizolala nyuma. Anayetimiza masharti akilipa, nyumba ni yake kwa siku hizo. Mlango wa pili ni wa ombi. Hapa mgeni huandika, na mwenye nyumba hupewa saa 24 za kukubali au kukataa. Zikipita bila jawabu, ombi hufa lenyewe na fedha hazichukuliwi, ingawa benki huenda ikazishikilia kwa muda. Kuna pia kibali cha awali: umeuliza swali, naye mwenye nyumba akakufungulia njia kwa saa 24. Kibali hicho hakikuwekei nyumba. Mwingine akikutangulia kulipa, imekwenda.

Wanafunzi wa fikihi wataiona sura ya mambo haya mara moja. Mkataba hukamilika kwa ijabu na kabuli. Ombi lako ni ijabu. Kabuli isipopatikana hapana mkataba, hata ukiwa na picha ya nyumba simuni na ramani ya kukufikisha mlangoni. Kwa hivyo, mwenye mgonjwa asikate tiketi kwa kutegemea ombi. Aombe mapema, asubiri neno la kuthibitisha, kisha ndipo afunge safari.

Na kukubaliwa nako kuna mipaka yake. Treni ya usiku kutoka Mombasa huwasili Nairobi kabla ya alfajiri, ilhali nyumba hizi aghalabu hufunguliwa saa nane au saa tisa mchana. Aliyekubaliwa kwa tarehe 10 hana haki ya kuingia alfajiri ya tarehe 10. Basi mama mgonjwa atakaa wapi saa zote hizo? Ama mlipie na usiku wa tarehe 9, ama mwombe kuingia mapema na mjibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Katika barua ya ombi elezeni mko wangapi, mnakuja kwa jambo gani, mtafika saa ngapi, na kama mgonjwa hawezi ngazi. Mwenye nyumba anayejua ninyi ni nani hukubali upesi kuliko anayeletewa neno moja, «ipo?»

Jihadharini pia na anayewaambia mwache mtandao mtume arbuni moja kwa moja kwa simu yake ili mpunguziwe bei. Katika Airbnb fedha za mgeni hukaa kwa mtandao, na mwenye nyumba hutumiwa yapata saa 24 baada ya wakati wa kuingia, ili mgeni akikuta nyumba si ile aliyoonyeshwa apate pa kushitakia. Anayelipa nje ya mlango huo ameiacha hifadhi hiyo, na picha nzuri zaweza kuwa za nyumba ya mtu mwingine.

Sasa niseme na wenye nyumba, maana wamo miongoni mwa wasomaji wetu na watoto wao waliohamia Nairobi. Amana ya kwanza ni kujibu. Anayelala na ombi la mtu siku nzima, kisha akaliacha life, amemzuia mwenye haja asitafute kwingine kwa utulivu. Neno «samahani, haiwezekani» hugharimu dakika moja. Na ukikubali, umefunga ahadi. Kuivunja kwa sababu ametokea mgeni wa dau kubwa ni haramu ya wazi, na mtandao wenyewe humtoza faini anayefanya hivyo na kumfungia siku zile asimpokee mwingine.

Amana ya pili ni uadilifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walituma maombi kwa wenye nyumba katika miji ya Marekani, barua zikiwa sawa ila majina. Wenye majina ya Wamarekani weusi walikubaliwa pungufu kwa takriban asilimia 16. Tangu mwaka 2018 Airbnb haimwonyeshi mwenye nyumba picha ya mgeni mpaka amkubali. Lakini jina hubaki likionekana, na sisi wenye majina ya Kiislamu tunajua uchungu wa kusomwa jina kisha kuambiwa nyumba imejaa. Basi tusimfanyie mtu wa kabila jingine au dini nyingine tusilolipenda. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya chamkataza mtu kumbagua mwenziwe, si serikali peke yake.

Hata hivyo, uadilifu si kufungua mlango kwa kila asiyejulikana. Mwezi wa Januari 2024 wasichana wawili waliuawa, kila mmoja kwa wakati wake, katika nyumba za kukodi kwa siku chache huko Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu. Baada ya hapo Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ilisisitiza kuwa wenye nyumba hizi ni lazima wasajiliwe. Kwa hivyo takeni kitambulisho kwa wote kwa kipimo kimoja, muulize idadi ya watakaolala, na mjue ni nani aliyeingia. Nakala ya kitambulisho nayo ni siri ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu yeyote kuitawanya kwa marafiki au kuituma kwenye makundi ya simu.

Yabaki idhini ambayo simu haiioni. Vijana wengi wanaopangisha si wenye mali. Ni wapangaji wanaompangisha mgeni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamtaka mpangaji apate idhini ya maandishi ya mwenye mali kabla ya kumpangisha mwingine. Asiyekuwa nayo anatoa karibu ya mlango usio wake, na siku mlinzi atakapoambiwa awazuie wageni getini, atakayefedheheka ni yule mgonjwa na mabegi yake. Majirani nao wana haki: ngazi ni zao, na watoto wao hulala ukuta wa pili.

Ndugu zangu, mwenye kubisha asubiri karibu ya kweli, na mwenye kukaribisha aijibu hodi kwa haraka, kwa haki, na kwa nyumba aliyo na idhini nayo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walio safarini, na awabariki wanaowasitiri.

Wabillahi tawfiq.