Tusiuziane Mabonde Wakati wa Kiangazi



Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (Allah amuwie radhi) habari ambayo wengi wetu tumeisikia katika darsa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akalikuta lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani na vidole vyake vikakuta umaji. Alipomuuliza mwenye mali, mtu yule alijibu kuwa nafaka imenyeshewa. Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi.

Tumezoea kuisoma habari hiyo kwa wauza mchele, maziwa na nguo. Leo tunaomba tuisome kwa wauza viwanja. Tunaona kwamba katika miji yetu hakuna bidhaa inayouzwa ikiwa kavu juu na maji chini yake kama ardhi ya bondeni. Dalali humpeleka mnunuzi mwezi wa Agosti. Mchanga ni mweupe, upepo ni mzuri, barabara iko karibu na bei ni nafuu. Mashahidi wanatia saini, fedha zinahesabiwa, na baba wa familia anarudi nyumbani akimshukuru Mola wake. Hakuna aliyemwambia kuwa mwezi wa Aprili mahali pale ni mto.

Maafa haya hayakuanza jana. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza katikati ya Dar es Salaam na kupita Jangwani kabla ya kuingia baharini. Desemba 2011 mvua kubwa iliufurisha, zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha katika jiji hilo na maelfu wakakosa makazi. Serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande, lakini kwa kuwa huko ni mbali na riziki zao, wapo waliorudi bondeni. Kuanzia Desemba 2015 nyumba za bonde hilo zilipigwa alama ya X na nyingine zikabomolewa. Masika ya mwaka 2018 maji yaliingia hata katika karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa pale pale Jangwani. Ndipo tunapoona kuwa kosa la kujenga katika njia ya maji si la maskini peke yao. Hata miradi mikubwa yenye wahandisi na michoro imeangukia humo.

Zipo hoja mbili zinazotolewa kila mvua zinapokwisha.

Ya kwanza ni kwamba haya ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Kweli mvua ni yake, naye huiteremsha kwa kadiri atakavyo. Lakini aliyejaza kifusi katika mkondo ni mwanadamu, na aliyegonga mhuri ni mwanadamu. Wanahistoria wa Makka wanasimulia kwamba mwaka wa 17 Hijria mafuriko yaliyoitwa ya Umm Nahshal yaliingia Msikiti Mtukufu na kuling'oa jiwe la Maqamu Ibrahim kutoka mahali pake. Sayyidna Umar (Allah amuwie radhi) alipopata habari alitoka Madina, akalirejesha jiwe mahali pake, kisha akaamuru lijengwe boma upande wa juu wa mji ili kuyageuza maji yasiielekee Nyumba Tukufu. Wala hakuna aliyesema kuwa imani yake katika kadari ilipungua kwa kujenga boma.

Hoja ya pili husema mvua ile ilikuwa kubwa isiyo ya kawaida, haitarudi. Hapa tunaomba wazazi watege sikio, maana hesabu yake ni nyepesi. Wahandisi wanaposema mafuriko ya miaka 100 hawana maana kwamba yakija leo yatasubiri karne ndipo yarejee. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika 100 ya kutokea. Familia itakayoishi miaka 30 katika nyumba iliyo ndani ya mpaka wa mafuriko hayo ina karibu nafasi moja katika nne ya kuyaona. Na kama mahali penyewe hufurika kwa wastani mara moja katika miaka 10, basi nafasi ya kuyaona ndani ya miaka hiyo 30 ni karibu asilimia 96. Nani kati yetu angempandisha mtoto wake chomboni akiambiwa hivyo?

Tena hesabu hiyo inazidi kuwa mbaya kadiri tunavyojenga. Ardhi yenye majani hunywa sehemu ya mvua. Bati, lami na saruji hazinywi. Kila mtaa mpya unaoezekwa mlimani huyaharakisha maji kwenda kwa walio chini. Na kila anayejaza kifusi kiwanjani mwake ili kukiinua hayaondoi maji, bali huyahamishia kwa jirani. Wanazuoni wa fiqhi wanatufundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Kwa hiyo ukuta unaoziba mtaro ni suala la haki ya jirani kabla ya kuwa suala la mipango miji.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao, na mfano wake tunaupata Jeddah. Tarehe 25 Novemba 2009, siku ya mwanzo ya ibada ya Hija mwaka ule, mvua ya milimita zipatazo 90 ilinyesha huko kwa saa chache. Zaidi ya watu 100 walikufa, na vitongoji vilivyojengwa ndani ya mabonde makavu, kama Quwaiza, viliathirika vibaya. Fedha hazikuwa zimekosekana katika nchi ile. Mfalme Abdullah aliunda kamati ya uchunguzi, na baadaye maofisa kadhaa wakafikishwa mahakamani, na wengine wakatiwa hatiani kwa rushwa. Basi tujue kwamba kibali kinachotolewa kwa bahasha hakimzuii hata tone moja la maji.

Kwetu Tanzania sheria haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitambua ardhi ya hatari. Kinachokosekana ni uaminifu wa kuzitekeleza kabla nyumba haijasimama, badala ya kuja na tingatinga baada ya mtu kumaliza akiba ya maisha yake.

Hatusemi hayo ili kuwalaumu waliokwisha kujenga. Wengi walinunua kwa nia safi, na wengine hawakuwa na pengine pa kwenda palipo karibu na soko, bandari na vibarua vyao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi, na wakazi wengi walilipwa fidia ili wahame, ingawa wapo waliolalamikia kiwango chake. Sayyidna Umar huyo huyo, alipoupanua Msikiti wa Makka, alizinunua nyumba zilizouzunguka. Na waliokataa kuuza aliwawekea thamani yake katika hazina ya Kaaba mpaka walipoichukua. Maslahi ya umma yalitangulia, lakini haki ya mwenye nyumba haikuzama pamoja na kuta zake. Huo ndio mwendo tunaoutaka: kuhamishwa kwa thamani ya haki, mahali ambapo mtu anaweza kuishi na kupata riziki.

Kwa familia zinazotafuta kiwanja hivi sasa, tunausia haya. Msinunue kabla ya kukiona kiwanja wakati wa mvua. Waulizeni wazee wa mtaa, na hasa akina mama, maji ya masika yalifika wapi. Tazameni kuta za jirani: mstari wa tope hausemi uongo. Palipo na matete na magugumaji, hapo maji yana makazi yake. Nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri mkaulize ramani inasema nini, kwani mhuri wa serikali ya mtaa hauthibitishi kuwa mahali panafaa kujengwa. Mkijenga, inueni sakafu juu ya kiwango cha maji ya zamani, na acheni njia ya mtaro wazi.

Kwa muuzaji na dalali tunasema: semeni. Sharia inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa aliyofichwa aibu yake, nanyi mtarudisha nini ikiwa mnunuzi mwenyewe amechukuliwa na maji? Na kwa kamati za misikiti: kabla ya kupokea kiwanja cha wakfu kwa ajili ya madrasa, kipimeni kwa mizani hiyo hiyo. Watoto wetu watakaa humo wakati mvua inanyesha. Nao maimamu wakilitaja jambo hili mimbarini wakati wa kiangazi, watakuwa wamewafaa watu kabla ya kuitwa kuwasalia.

Lundo la nafaka lile lilikuwa la siku chache, lakini umaji wake haukusamehewa kufichwa. Nyumba ni ya umri mzima, na pengine ya warithi. Tuuweke umaji juu, watu wauone, kisha aamue mwenye kuamua.

Wabillahi tawfiq.