Safi ya Mdomoni na Safi ya Ghalani

Ukimsalimu kijana wa Bariadi "Mambo?", atakujibu "Safi!", hata kama jana alilala njaa. Neno hili lilitoka kwa Waarabu, na kama maneno mengi ya kuazima, halibadiliki: maji safi, kiti safi, watu safi. Halitudai hata kiambishi. Labda ndiyo maana tunalibandika popote.

Lakini hapa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa pamba, kuna pahali ambapo neno hili halijapoteza makali. Nenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa msimu. Pamba ina madaraja mawili tu: pamba safi na pamba fifi. Safi ni nyeupe, kavu, haina majani wala mchanga. Fifi ni yenye madoa, iliyoguswa na wadudu au kuharibiwa na mvua. Mkulima mwenye akili huanza kuzitenga akiwa bado shambani, mafungu mawili, maana bei zake hazilingani. Anayeimwagia maji au kuitia mchanga ili aongeze kilo, aiite safi mara mia, hadanganyi nyuzi. Zitamsuta kiwandani, na aibu watagawana wakulima wote, hata waliochambua kwa uaminifu.

Sasa tazameni "hati safi". Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, halmashauri iliyopata hati hiyo hupigiwa makofi, na wengi wetu hudhani maana yake hakuna hata senti iliyoliwa. Sivyo! Hati safi ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata taratibu, na katika mambo ya msingi zinaonyesha hali halisi. Ni sifa ya vitabu vya hesabu, si cheti cha uadilifu wa kila aliyeshika fedha. Halmashauri yaweza kuwa na hati safi mkono mmoja na hoja za ukaguzi zisizojibiwa mkono wa pili, na zote zimeandikwa na mkaguzi yuleyule.

Sisemi tuache kupiga makofi. Hati chafu ni balaa. Nasema tusiwe wepesi wa neno kuliko tulivyo mbele ya mizani. Wakulima wenzangu, mnaojua kuchambua pamba kwa vidole hata gizani, diwani akisimama mkutanoni kujivunia hati safi, msikilizeni kwa adabu hadi amalize. Kisha nyoosheni mkono, mmwulize fungu la fifi liko wapi.