Mwenzi wa Upande Mmoja wa Wavu



Akina mama wa Uluguru hushuka alfajiri kuja sokoni Morogoro, mboga na ndizi vichwani. Mzigo wa namna ile ni vigumu mtu kujitwika peke yake. Humwita mwenzake amtwike, wala haoni aibu kuita. Nimeukumbuka wito huo juma hili nilipokuwa nikisoma habari za wachezaji wawili wa tenisi, Angela Buxton na Althea Gibson.

Buxton alikuwa Mwingereza, Myahudi. Gibson alikuwa Mmarekani mweusi aliyekulia Harlem, New York. Katika viwanja vya siku zile wote wawili walitazamwa kama wageni. Mwaka 1956 walicheza pamoja, wakatwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili Ufaransa, kisha Wimbledon. Kulekule Ufaransa walikuwa wamepambana wao kwa wao katika nusu fainali ya mchezaji mmoja mmoja, Gibson akashinda, na urafiki ukabaki. Muda si mrefu jeraha la kifundo cha mkono likamstaafisha Buxton, angali na umri wa miaka 22.

Gibson akaendelea, akawa bingwa wa Wimbledon peke yake mwaka 1957 na 1958. Lakini mashindano makubwa ya enzi hizo yalikuwa ya ridhaa. Hadi mwaka 1968 bingwa aliondoka na kombe, si fedha. Mwaka 1995, akiwa mgonjwa, hana kodi ya pango wala fedha za dawa, alimpigia Buxton simu kumuaga. Alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Buxton akamtumia fedha, kisha akafanya mpango barua ichapishwe katika jarida la tenisi, na michango ikamiminika. Gibson aliishi hadi mwaka 2003.

Husemwa kwamba kilele cha wawili hao kilikuwa mwaka 1956. Sikubali. Kugawana kombe ni kazi nyepesi (nimeona kamati za harusi zikifurika watu, na za matibabu zikikosa mwenyekiti). Kilele chao kilikuwa simu ile, na sifa ya kwanza nampa aliyepiga.

Linalonisumbua ni miaka iliyoitangulia. Mwanamke aliyekabidhiwa kombe na Malkia Elizabeth alielemewa kimyakimya, kwa kuwa sisi washangiliaji hudhani aliyewahi kushangiliwa hahitaji wa kumtua mzigo.

Agosti 2019 sanamu ya Gibson ilizinduliwa New York, miaka 16 baada ya kifo chake. Buxton, mwenye umri wa miaka 85, alikuwapo.