Kuhamisha Milima

Waingereza wana msemo wao: mtu akitimiza jambo gumu ambalo wengine walidhani haliwezekani, husema amehamisha milima. Asili yake ni Injili, maana Bwana Yesu alifundisha kuwa imani iliyo ndogo kama punje ya haradali yaweza kuuondoa mlima.

Sisi tukaao Himo huuona Kilimanjaro kila mawingu yajifunuapo. Kibo chapita futi 19,000 kwenda juu. Ni nani awezaye kukisukuma? Labda ndiyo sababu wanafunzi huutumia msemo huu ovyo. Mmoja aliniandikia ya kuwa alihamisha milima kwa kuwahi kengele ya asubuhi. Naliukata mstari ule. Tukitoa neno kubwa kwa jambo dogo, siku ya kusifu jambo kubwa tutasifu kwa neno gani?

Je, ni nani astahiliye sifa hiyo? Mimi nasema ni wazee wa Kichaga waliochimba mifongo. Mvua hunyesha nyingi juu msituni, bali huku chini nchi ni kavu. Basi wazee, kabla Wazungu hawajafika, waliyakinga maji ya mito huko juu, wakayaongoza kwa mifereji kando ya vilima hata mashambani. Kazi hiyo yataka akili: mteremko ukizidi, maji huchimbua udongo; ukipungua, maji husimama. Nao hawakuwa na vyombo vya kupimia kama vya mafundi wa leo. Wala kuchimba siyo mwisho wa kazi, maana mfongo usiposafishwa huziba. Kwa hiyo watu huitana kuusafisha, na asiyekwenda hutozwa faini au hunyimwa maji. Mifongo mingine ingali yatiririka hata leo.

Mlima haukuhama, wanangu. Maji ndiyo yaliyohama, na migomba ikasitawi.

Basi uandikapo Kiingereza na kutaka kuutumia msemo huu, jiulize kwanza: Je, kazi ilikuwa ngumu kweli? Je, watu walikata tamaa nayo? Je, imekwisha timia? Jibu likiwa hapana hata mara moja, eleza jambo lenyewe kwa maneno mepesi. Na uandikapo Kiswahili, usiufasiri neno kwa neno, maana twayo mithali yetu itoshayo: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nao wachimba mifongo waliinama sana.